Bata wa Kisima cha Boru

"Mfukuza ndege majini humpoteza mwenziwe njiani."

Hayo ndiyo maneno aliyowapigia kelele yule mama mwenye ngamia, mlipowakimbilia bata ili muwapige picha karibu. Mmeudhika, nimewaona. Mmetoka mbali kuja kuona ndege wa majini katikati ya jangwa, kisha mnafokewa na mtu asiyewajua hata majina. Lakini hakuwatukana. Amewapa methali ya hapa, na kwa kuwa mmeniuliza ilikotoka, haya, ketini niwaambie. Ilianza papo hapo mlipokuwa mkikimbia, na aliyeianzisha kwa kosa lake ni mtu wa damu yangu.

Kwanza mjue mnachokitazama. Jangwa hili lina maji ya namna mbili. Upande wa magharibi, kule kunakong'aa, kuna maji ya magadi. Huko mtawakuta heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wengi hata ufuo wote unabadilika rangi. Wanapendeza, nami siwazuii kwenda kuwatazama. Ila maji yao msiyaonje. Maji matamu yako hapa kwenye kisima cha Boru, nyuma ya mawe haya meusi, na ndege wake ni bata bukini, wale wa kahawia wenye doa kwenye jicho. Asubuhi huja kwa makelele, wakazunguka angani, kisha wakashuka. Kisima chenyewe, dimbwi la wazi, kimejificha bondeni, hukioni mpaka ukikanyage. Aliye mbali huwaona bata tu.

Basi zamani, mwaka mmoja wa ukame, Galgalo aliyemzaa babu yangu alihama kutoka milimani pamoja na watu wake. Yeye na mdogo wake Umuro walitangulia na ngamia wa maziwa, ambao walikuwa hoi kwa kiu. Nyuma, taratibu, alikuja mkewe Talaso na mtoto mchanga mgongoni, pamoja na Bokayo, mama yake Galgalo, wakiongoza ngamia wa mizigo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huku. Walikuwa na neno moja tu la wasafiri: mkifika kwenye uwanda mweupe, asubuhi tazameni ndege wanakoshuka.

Galgalo aliwatazama bata, akawafuata, akafika. Alipiga magoti akanywa pamoja na ngamia wake. Baada ya kushiba ndipo alipoona kwamba maji yamejaa manyoya na mavi ya ndege.

Sasa lazima mwelewe jambo moja kuhusu watu wetu. Kwetu kisima ni heshima ya mtu. Ukikikuta kichafu ukakiacha kichafu, utasemwa wewe, na mwanao atasemwa. Kwa hiyo Galgalo alifanya ambalo mwanamume yeyote wa kwetu angelifanya. Alizoa uchafu, akachimba kidogo mpaka maji yakatakata, kisha akakata miiba akazungushia ua. Bata waliporudi aliwapokea kwa mawe.

"Nendeni mkanye kwa mama zenu!" alisema, na Umuro akacheka mpaka akakaa chini.

Bata walizunguka wakipiga kelele, wakajaribu tena kushuka, wakapigwa tena, mwishowe wakaenda zao. Galgalo akakaa kando ya maji yake meupe, roho kunjufu. "Talaso atakunywa maji safi," alisema. Msimcheke. Alifanya kwa mapenzi, na makosa ya mapenzi ndiyo magumu kuyaona.

Siku ambayo akina mama walitarajiwa ilifika, ikapita. Umuro alirudi nyuma kuwatafuta, akakuta upepo umefagia nyayo zote. Akaja akitikisa kichwa.

"Wamekawia tu," Galgalo alisema. "Mama ni mzee. Watafika."

"Watafikaje, kaka?"

"Kama tulivyofika sisi."

"Sisi tulifuata bata." Umuro alimtazama kakaye machoni. "Wao watafuata nini?"

Galgalo alitazama juu. Mbingu ilikuwa tupu.

"Kaka, ni mimi niliyecheka," Umuro alisema kwa sauti ndogo.

"Na ni mimi niliyerusha mawe. Inuka!"

Waliubomoa ule ua kwa mikono mitupu, miiba ikiwachana, wakaitupa mbali. Kisha wakawaondoa ngamia kisimani, wakajificha nyuma ya mawe. Galgalo, mtu aliyekuwa na ngamia wengi na maneno mengi, alilala kifudifudi akiwaomba bata warudi.

Na kule uwandani mambo yalikuwaje? Talaso na Bokayo walikuwa wamefika tangu jana yake. Walitazama mbinguni asubuhi, wasione bata hata mmoja. Ndege pekee walioonekana walikuwa wale wa waridi, mbali, upande wa magharibi. "Tuliambiwa ndege, nasi tumewaona ndege," Bokayo alisema, wakaenda. Walipofika, ngamia wa mizigo aliinamisha shingo, akanusa, akageuza uso. Talaso alichota kwa kiganja, akaonja, akatema. Kiriba kilikuwa kimekauka. Maziwa yake nayo yalikuwa yamekatika, na mtoto alikuwa ameacha kulia. Mama yeyote atawaambia kwamba kilio si kitu cha kuogopa. Cha kuogopa ni mtoto anaponyamaza namna ile.

Walikaa hapo, wamekata tamaa. Asubuhi ya pili Talaso alisikia makelele juu ya kichwa chake. Bata walikuwa wakipita, shingo mbele, hawakuyaangalia kabisa yale maji ya magadi. Walielekea mawe meusi, wakazunguka, wakashuka.

"Mama, inuka," Talaso alisema. "Wale wanakwenda kunywa."

"Niache, mwanangu. Mpeleke mtoto."

"Sikuachi. Inuka, shika mkia wa ngamia."

Jua lilikuwa limepanda sana walipoteremka bondeni. Galgalo alimwona mkewe, akakimbia kumlaki. Umuro ndiye aliyeleta kibuyu. Walilowesha kitambaa, wakakiminya kinywani mwa mtoto, tone kwa tone. Mtoto akameza. Kisha akakunja uso, akalia kwa hasira, na Galgalo naye akalia papo hapo mbele ya mama yake bila haya.

Alipoweza kusema, alieleza yote: ua, mawe, kicheko. Hakujificha. Bokayo alisikiliza hadi mwisho huku bata wakiogelea kando yake, wakichafua maji kama kawaida yao.

"Shukrani ya punda mateke," alisema kikongwe. "Uliyanywa maji yao, kisha ukawapiga. Ulidhani kiu imekwisha duniani kwa kuwa yako imekwisha?" Halafu akatia mkono kwenye kibuyu cha maziwa ya ngamia, akawanyunyizia bata kama tunavyonyunyiza tunapobariki, akasema, "Asanteni, wanangu. Mmenirudishia mjukuu."

Siku ile ile Galgalo alichimba hori pembeni kwa ajili ya mifugo na watu, lile dimbwi akawaachia ndege. Ndivyo lilivyo hadi leo. Ndiyo maana mmewakuta.

Mtoto yule ndiye babu yangu. Alikaa hapa maisha yake yote, akaoa, akazaa, akanibeba mimi mabegani. Kwa hiyo yule mama aliyewafokea alikuwa akiwatetea walionipa uhai, nami namshukuru kuliko ninavyoweza kusema. Na mtu mwingine yuko uwandani sasa hivi, hamumjui, naye anatazama juu.

Mfukuza ndege majini humpoteza mwenziwe njiani.