Kopo Moja la Haruko

Haya, sogeeni. Hadithi hii ni ya choo, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana nikianza sitaki kicheko.

Palikuwa na wanawake watatu. Haruko, daktari kutoka Japani, aliijua mitishamba ya kwao. Hidaya, muuza vitumbua, alikuwa na moyo wa kuthubutu. Mwajabu, fundi cherehani, alikuwa mtu wa neno lake: akisema ndiyo, ni ndiyo. Hidaya na Mwajabu walikuwa wakikosa choo wiki nzima, miaka nenda rudi, matumbo yamejaa, hamu ya kula hakuna. Mganga mfawidhi wa zahanati aliwaambia, "Kunyweni maji, mama zangu." Maji! Kwani walikuwa wakinywa mchanga?

Haruko alitwanga mizizi aliyoachiwa na bibi yake. Akaandaa na unga mtupu wa rangi ileile. "Mmoja atapata dawa, mwingine unga," akawaambia. "Muuguzi atawagawia, hata mimi sitajua. Na msitumie kitu kingine mpaka tumalize." Wakakubali.

Hidaya akaangukia dawa, dawa ngeni ambayo mtaani hakuna aliyewahi kuionja. Tumbo lilimsokota mpaka akalia, wala hakuacha dawa. Asubuhi moja akatoka chooni anapiga vigelegele, majirani wakadhani kuna harusi.

Mwajabu akaangukia unga. Tumbo likawa ngoma. Shoga yake akamletea papai bivu. "Kula bwana, nani atakuona?"

"Nilishasema ndiyo," Mwajabu akajibu, akalirudisha papai la watu. Na kwa kuwa yeye hakupata nafuu, ndipo ikajulikana kwamba dawa inafanya kazi kweli.

Kumbe aliyepigwa picha ya gazeti na kopo la dawa mkononi, kana kwamba dawa ni yake, ni nani? Mfawidhi! Yule yule wa maji! Hana hata haya.

Sasa limebaki kopo moja tu, na mizizi mingine haichimbwi mpaka mwakani.

Haruko anasema, "Dawa ni ya bibi yangu. Nimpelekee mama, naye anateseka hivyo hivyo."

Hidaya anasema, "Nikiacha, tumbo linafunga tena. Na ni nani aliyejitoa mhanga hapa?"

Mwajabu yuko kwenye benchi, mkono tumboni. "Mimi sijaonja hata kijiko," anasema.

Msiniambie wagawane, nusu kopo halimtibu mtu. Mfawidhi naye kapita, kasema, "Jamani, mnagombania nini? Si choo tu?"

Choo tu! Mwache apite. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kopo hili hapa, shika. Unampa nani?