Perege wa Pipani

Haya, kaeni mkao wa kusikia! Tumekaa, tupe!

Palikuwa na bwana mlafi, Mkupasi, aliyeheshimiwa kwa kitambi tu, si akili. Kila jioni Zimwi la Mbu lilitoka kwenye pipa la maji la bwana huyo, likanyonya damu ya mtoto mchanga wa Mkupasi. Mtoto akashikwa na homa, nusura afe.

Mkewe, Mwanakombo, akaenda kumlilia jini wa mtoni. Jini akampa perege watatu. "Watie pipani wawale viluwiluwi, hao ndio watoto wa zimwi. Ila nyinyi msiwale samaki hawa!"

Zimwi likanywea, mtoto akapata nafuu. Mkupasi akanuna: "Samaki wanenepe kwangu, mimi nile mchicha? Nonsense!"

Jioni ya kwanza akakaanga mmoja. Ya pili akakaanga mwingine. Ya tatu akammaliza wa mwisho, akalamba na miiba. Brain zero kabisa!

Pipa likajaa viluwiluwi, zimwi likarudi likiimba: "Shemeji, asante kwa malezi!"

Mwanakombo akamlaza mtoto ndani ya chandarua, akamsukuma mumewe nje, akafunga mlango.

"Mke wangu, nitaliwa!"

"Si kitu, bwana. Kitambi hicho kitatosha ukoo mzima."

Asubuhi akakuta kanzu tupu, akaenda mtoni kuomba perege wengine.

Ngano imekwisha. Nendeni mkalale, pamoja na wajinga wenu.