Nimekuja na hawa

Alikuwepo fundi mmoja wa mafriji, mtu wa mjini, hodari kwa kazi yake, na simu yake haikupoa kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Leo friji la bucha limezima, kesho la duka la dawa. Siku yake mwenyewe ilikuwa Jumamosi tu, na hiyo nayo aliigawa kama mtu anayegawa samaki mmoja kwa watoto saba. Mnamjua mtu huyo. Wengine mmekaa naye benchi moja sasa hivi.

Fundi alikuwa na mama yake, mzee wa magoti mabovu, aliyezaliwa milimani katika kijiji cha wafinyanzi. Mama huyo alikuwa na ndugu mmoja tu hapa duniani, dada yake mkubwa, na hawakuwa wamesemezana kwa miaka thelathini. Kisa? Mama yao alipofariki, huyu wa mjini hakufika mazikoni. Alikuwa na sababu zake, nzuri tu, lakini sababu nzuri hazishiki jembe makaburini. Dada akanuna. Na huyu naye akanuna kwa kununiwa. Tunajuana.

Siku moja mama akamwita mwanawe, akamwekea magotini doti ya kanga, mpya, bado inanukia duka. Imeandikwa: Yaliyopita si ndwele.

"Baba, mpelekee mama yako mkubwa," akasema. "Magoti yangu hayapandi tena mlima."

"Si tumpigie simu, mama? Hatukosi mtu wa huko mwenye simu."

"Kanga haipiti kwenye simu. Nenda wewe, umpe mkono kwa mkono. Halafu nisikilize vizuri. Kule hawatakuuliza jina lako, jina lako halina kazi kule. Watakuuliza, wewe wa kwa nani? Wewe jibu, mimi wa kwa Namkunda. Ni bibi yako huyo. Ukishasema hivyo, huna haja ya kujua njia. Utashikwa mkono mpaka mlangoni."

Namkunda. Ndugu zangu, katika habari hii yote hakuna mwingine nitakayemtaja jina. Lishikeni hilo.

Basi fundi akaanza kuipima safari. Kwenda peke yake maana yake ni basi la alfajiri mpaka chini ya mlima, kisha pikipiki mpaka barabara inapoishia, kisha miguu, na kuulizia kwa watu. Na kufika siyo mwisho wa shughuli. Ukifika kwa mama mkubwa ambaye hajakuona tangu unanyonya, unadhani utasema hamjambo, shika kanga, kwaherini? Kuku atakimbizwa. Majirani wataitwa. Utapelekwa kaburini, utalia kidogo, utalazwa. Jumapili imekwenda, na Jumatatu nyama ya watu inanuka buchani.

Wakati anawaza hayo, akapita mbele ya ofisi moja ya utalii, akaona tangazo: safari ya siku moja milimani, kwenda na kurudi. Akaingia.

"Kijiji cha wafinyanzi mnafika?"

"Tunafika, kaka," akajibu binti wa ofisini. "Saa saba mchana, tunakaa dakika arobaini. Kabla ya hapo ni maporomoko ya maji, kanisa la kale, na pale juu pa kutazamia bonde. Chakula kipo, maji yapo, mwongozaji yupo. Saa kumi na mbili jioni uko kwako."

"Na kama nina mtu namtafuta hapo kijijini?"

"Katika hizo dakika arobaini, ni wewe tu, kaka."

Ingekuwa sisi tungechagua lipi? Njia ya kuulizia watu, au gari lenye ratiba? Msijibu kwa sauti, mtajiaibisha. Fundi alichagua gari. Akaona amepata yote mawili: mlima atauona, kanga itafika, na usiku atalala kitandani kwake. Mimi simcheki. Alikuwa mtu mwenye kazi.

Jumamosi ikafika. Ndani ya gari walikuwa wageni tisa wa kutoka ng'ambo, na yeye wa kumi, begi lenye kanga liko magotini. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye akili, anajua jina la kila mti kwa lugha mbili. Tena aliwafundisha wale wageni kusema shikamoo, wakaisema njia nzima. Kwenye maporomoko mgeni mmoja akateleza, akalowa, ikabidi angojwe abadili nguo. Kanisani nako watu hawakuchoka kupiga picha. Walipofika kijijini zile dakika arobaini zilikuwa zimebaki ishirini.

"Jamani, tusiachane," mwongozaji akasema. "Tunamwona bibi mfinyanzi, halafu tunaondoka."

Bibi mwenyewe alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, ameshika chungu kibichi, anakisawazisha ukingo. Wageni wakamwamkia wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza: shikamoo! Na fundi akaamkia humohumo. Shikamoo yake ikamezwa.

"Marahaba, wanangu," bibi akasema, akacheka.

Watu wakampiga picha. Fundi naye akampiga. Akatazama saa. Alitaka kutoka kidogo, aende nyumba ya pili, aulizie, lakini akaona haya kuvunja kundi, na kila mlango aliouona ulikuwa na kuku na hakuna mtu. Akajiambia angoje kwanza bibi amalize. Hapo ndipo bibi aliposimamisha mkono wake. Akamtazama fundi, akamtazama paji la uso, akamtazama mpaka wageni nao wakageuka.

"Na wewe," akasema, "wewe wa kwa nani?"

Nyuma yake mwongozaji alikuwa anapiga makofi, anakusanya watu. Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia. Na mdomo wake ukatoa neno lililokuwa karibu.

"Mimi? Mimi nimekuja na hawa, bibi."

"Haya," bibi akasema. "Karibuni basi." Akarudi kwenye udongo wake.

Saa kumi na mbili jioni, kama alivyoahidiwa, fundi alikuwa nyumbani. Kampuni ile ilikuwa ya kweli. Akamweleza mama yake kwamba muda ulikuwa mdogo, kwamba atarudi Jumamosi nyingine, na ili kumpoza akampa simu atazame picha. Mama akavaa miwani. Maporomoko akayapitisha. Kanisa akalipitisha. Kisha kidole chake kikasimama.

"Huyu anafinyanga kwa mkono wa kushoto," akasema.

"Ndiyo, mama. Wanasema ndiye mfinyanzi mzee kuliko wote waliobaki pale."

"Ni dada yangu."

Fundi alikuwa amesimama. Akakaa.

"Amezeeka," mama akasema. "Alikusemesha?"

"Aliniuliza mimi wa kwa nani."

Uso wa mama ukafunguka, uso ambao mwanawe hakuwa ameuona miaka mingi. "Alikuuliza? Ee, alikujua huyo. Basi ukamwambia."

Fundi akamwambia mama alichomjibu bibi. Alikisema chini chini, lakini mama alikisikia. Mama hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alifungua begi, akaitoa kanga, ina mikunjo yake ileile ya dukani, akaiweka mapajani akaishika.

"Nilikupa jibu kabla hujaulizwa, mwanangu," akasema. "Jina moja tu."

Ndugu zangu, gari lilifika. Jambo hilo lisiwapite. Halikupotea njia, halikuharibika, lilimfikisha hatua mbili kutoka kwa mtu aliyetumwa kwake. Sikusimama hapa kusema vibaya magari ya watalii, maana mimi mwenyewe ni mwongozaji. Nina ratiba yangu: wimbo, sala, matangazo, neno, na nikizidisha dakika kumi nawaona mnavyokunja mikono ya mashati kutazama saa. Naweza kuwaonyesha maporomoko. Naweza kuwatajia kila mti. Jambo moja siliwezi, siwezi kumjibia mtu.

Na sisi tumezoea kutembezwa. Pasaka tunafika, tunapiga picha. Krismasi tunafika na nguo mpya. Tunamwamkia Mungu kwa pamoja, sauti ya mmoja inamezwa na ya wengine, na tunarudi nyumbani kwa saa ile ile tuliyoahidiwa. Msibani je? Tunakwenda na kundi, tunakaa na kundi, tunaondoka na kundi, na yule mfiwa, mtu mmoja aliyekuwa anakutazama wewe usoni, hukumshika hata mkono. Wapo humu wenye kanga ya mtu ndani ya begi. Umetumwa kwa ndugu yako na neno la msamaha, unalibeba mwaka wa ngapi huu, na kila Jumapili mnapishana hapo mlangoni.

Mtaniuliza kama fundi alirudi. Alirudi. Hakungoja Jumamosi nyingine. Kesho yake alipanda basi la alfajiri, akapanda pikipiki, akamalizia kwa miguu, na mtu wa kwanza kukutana naye njiani alimuuliza lile swali, naye akalijibu, akashikwa mkono. Kanga ikafika. Bucha ikanuka Jumatatu nzima, na hakufa mtu.

Lakini yeye alikuwa na kesho yake. Bibi alikuwa bado yu hai, mlima ulikuwa bado pale. Yule atakayetuuliza sisi hatatuuliza katikati ya safari. Atatuuliza mwishoni, gari limeshaondoka na mwongozaji wenu hayupo. Atasimamisha mkono wake, atatutazama mmoja mmoja paji la uso, aseme: na wewe, wewe wa kwa nani? Utamwambia nini? Kwamba ulikuja na mke wako? Kwamba ulikuja na kwaya ya pili? Jibu tulipewa siku nyingi, kabla hatujaulizwa.

Mmezoea nikifika hapa nawaambia, geuka umwambie jirani yako. Leo msigeuke. Jirani yako ni mmoja wa hao uliokuja nao. Tazama mbele, ujibu mwenyewe.