Mwiko wa Diwani

Mwiko wa picha hausongi ugali. Mmenisikia nikimwambia dada yenu, mkacheka. Chekeni tu! Methali hii ilianza hivi, na siku hiyo unga nilikuwa naumimina mimi.

Tulikuwa msibani kwa mzee Lutengano. Diwani wetu, Aidani Mgaya, siwafichi, nilimpenda na bado nampenda. Ila simu, jamani! Akimsalimia kikongwe, picha. Akibeba tofali, picha. Na uchaguzi ulikuwa umebaki wiki mbili.

Basi akaingia jikoni, akauchukua mwiko mkononi mwa shangazi yake, Oresta, aliyekuwa hajaanza kusonga, akasonga mara tatu, dereva wake akapiga picha. Kisha akauacha ndani ya sufuria, akaondoka. Sasa, kwetu msibani aliyeupokea mwiko hauachi mpaka ugali uive, na mwingine haugusi. Tulimwita, gari limeshaondoka. Tukabaki tunatazamana kama wajinga. Ugali wa watu mia ukaungua, wafiwa wakalala na chai.

Mtandaoni wakamsifu: "Huyu ndiye kiongozi wa watu!"

Kesho yake akaja anatabasamu. Hakuna aliyemkaribisha.

"Aidani, baba yangu," Oresta akasema, "picha nimeiona. Umependeza. Ugali wake uko wapi?"

Tabasamu likamwisha. "Shangazi, nilitaka watu waone niko pamoja nao."

"Wameona. Wakalala njaa."

Nilimwonea huruma, maskini. Akavua koti, akaomba radhi kwa mjane, akashika mwiko. Dereva akainua simu.

"Weka mfukoni," Aidani akamwambia. "Lete kuni."

Alisonga sufuria tatu. Moshi ukamtoa machozi, viganja vikatoka malengelenge. Ugali wenyewe ulikuwa na madonge, lo! Tuliula wote, mjane akaongeza. Oresta akakaa naye chini, akawa anampuliza viganja kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

Mnataka kujua kama alishinda? Alishinda, kwa kura chache. Ile picha nzuri aliifuta mwenyewe. Ya madonge hakuna aliyeipiga, lakini ndiyo tunayoisimulia mpaka leo.

Haya, wewe na simu yako, maji yamechemka, njoo ushike. Mwiko wa picha hausongi ugali.