Yai Halibebwi kwa Msaragambo

Yai halibebwi kwa msaragambo. Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, mkacheka, mkaniuliza ni nani aliyewahi kuita kijiji kizima kubeba yai. Hakuna. Methali hii chanzo chake ni kompyuta, na waliokuwapo hawakucheka.

Ilianzia kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu, kwa mchumaji mmoja aitwaye Tusajigwe. Alikuwa amemlea mdogo wake, Ambakisye, tangu wazazi wao wafariki. Kijana huyo alikuwa bingwa wa gemu ya mbio za magari. Mwaka ule chuo kimoja cha Mbeya kilitangaza mashindano: kila mtu acheze kwa kompyuta yake kupitia mtandao, na mshindi asomeshwe bure. Umri wa mwisho wa kushiriki ulikuwa miaka ishirini. Ambakisye alibakiza miezi miwili kuifikisha, hivyo hakuwa na mwaka mwingine.

Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, prosesa yake, ubongo wa mashine, ina viini vinne tu vya kufanyia kazi, ingawa vyepesi. Tusajigwe aliiona nyonge. Siku moja kabla ya mashindano, Ambakisye akiwa msibani Kiwira, dada akaibeba mpaka kwa muuza mashine zilizotolewa maofisini. Akaonyeshwa moja yenye viini kumi na sita, na kila kiini kinapokea kazi mbili kwa pamoja. Muuzaji hakumficha kwamba kasi ya kila kimoja ni ndogo. Tusajigwe hilo halikumsumbua. Shambani kwao, wachumaji wanne humaliza jioni. Wakiwa kumi na sita, hata wakiwa wazito, saa nne asubuhi wako nyumbani. Wakabadilishana palepale.

Ambakisye aliporudi aliiwasha, akacheza kidogo, akatoka nje na simu. Kisha akarudi, akamshukuru kwa Kinyakyusa: “Ndaga fijo, dada.”

Kesho yake, saa nane mchana, Tusajigwe alikaa nyuma yake na kanga mdomoni. Gari lilikwenda kwa kustuka, kama mtu mwenye kwikwi. Ambakisye akikata kona, gari linakata baadaye. Mzunguko wa tatu liliingia ukutani, na wenzake wakampita mmoja mmoja hadi akawa wa mwisho.

Alizima mashine taratibu.

“Imeharibika?” Tusajigwe akauliza.

“Ni nzima, dada. Kiini kimoja kilikuwa kinahema, vingine karibu vyote vimekaa tu.”

“Si vingekisaidia?”

“Vimechukua sauti na vikorokoro vingine. Lakini gari lenyewe huwezi kujua liko wapi sasa kabla hujajua lilikuwa wapi kwanza. Hiyo haigawanyiki. Chai ni msaragambo, dada, mnagawana mistari. Hii ni yai. Anabeba mmoja, na huyo mmoja awe mwepesi. Wengine watamsindikiza tu.”

Tusajigwe akakumbuka alivyotoka nje na simu jana, akaelewa.

“Ulijua tangu jana.”

“Nilijua.”

“Mbona hukuniambia, tuikimbilie ile yetu?”

“Nilimpigia yule muuzaji. Ilishauzwa, imeondoka na basi la mchana kwenda Kyela.” Akamtazama dada yake. “Na wewe ulikuwa unaimba ukipika. Sijakusikia ukiimba tangu mama.”

Tusajigwe alimvuta kichwa akakilaza mapajani, kama zamani alipokuwa na homa, na wote wawili wakakaa hivyo mpaka chai aliyokuwa amempikia ikapoa.

Jumatatu Ambakisye alikuja shambani na tenga mgongoni. Wanawake wakaanza kumtania: dereva wa Mbeya umekosa petroli? Mbona dada yako alikununulia kijiji kizima ndani ya sanduku? Alitabasamu tu, akaingia mstari wake. Tusajigwe ndiye aliyesimama, mikono imejaa majani, akawaeleza kila kitu bila kujitetea. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, akimwangalia mdogo wake akichuma:

“Jamani, yai halibebwi kwa msaragambo.”

Utani ukakoma. Mpaka matenga yanapimwa jioni, msemo huo ulikuwa umefika mstari wa mwisho.