Jina la Binti wa Sikujua

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani hii ya juzi, watu wa Luhembe walikuwa na sheria yao: diwani waliyemchagua wenyewe, wenyewe waliweza kumwondoa kabla muda wake haujaisha.

Huko Luhembe aliishi Sikujua, mke wa Dismas. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika mto umefurika. Hospitali iko ng'ambo, daraja hakuna. Alijifungulia ukingoni, mikononi mwa mkunga Eufrasia, na mtoto hakulia.

Baada ya mazishi, Eufrasia akapita nyumba kwa nyumba. "Diwani wetu alituahidi daraja. Liko wapi? Tumwondoe!"

Mkutano ukaitwa. Diwani, Bi Skolastika, akasimama mbele ya watu. "Ndugu zangu, nahangaika. Kila mara niko kwa wakubwa mjini. Nivumilieni masika moja tu."

"Masika moja ni jeneza jingine," Eufrasia akamjibu.

Sikujua alimwonea huruma Bi Skolastika. Hata hivyo, walipoambiwa wanyooshe mikono, naye aliunyoosha wake. Skolastika akaondolewa, na mahali pake akachaguliwa Tekla.

Tekla alipofika mjini alikuta daraja limekwisha kuchorwa na kukubaliwa. Ilikuwa kazi ya Skolastika. Lakini saruji ilikuwa mbioni kupelekwa kwingine, kwa watu waliopiga kelele zaidi. Tekla akaketi mlangoni pa mkubwa, hafukuziki.

"Luhembe wamemwondoa aliyenitangulia," akasema. "Mimi nirudi kwao na nini?"

Mkubwa akaingiwa na hofu: waliomwondoa diwani wao wangeweza kumgeukia hata yeye. Malori yakaja. Watu wakajitolea kuchota mchanga mtoni, na aliyewahi kufika kuliko wote alikuwa Skolastika.

Sikujua akashika mimba tena. Masika yakapiga, uchungu ukamjia, na safari hii alivuka darajani, maji yakinguruma chini yake, Dismas amemshika mkono. Hospitalini akajifungua binti, na binti akalia mpaka wodi nzima ikacheka. Sikujua naye akalia, kwa furaha.

"Asante, Mungu wangu," akasema. "Huyu nitampa jina la aliyenipa daraja."

Siku ya kumtoa mtoto nje, wanawake wote watatu walifika. Sikujua akawapigia magoti. "Mama zangu, nawashukuru nyote. Lakini jina ni moja."

Eufrasia akasema, "Nisingewaamsha watu, mpaka leo tungekuwa tunakula ahadi. Kumwondoa diwani ndiko kulikowatisha wakubwa."

"Hofu peke yake haipakii saruji," Tekla akasema. "Mimi ndiye niliyeganda pale mlangoni. Ningeondoka, daraja lingejengwa kwa wengine."

Skolastika alikuwa amempakata mtoto. Hakupaza sauti. "Mliniondoa kwa haki yenu, sinung'uniki. Aibu niliimeza, mchanga nikachota. Lakini Tekla, mwanangu, bila kazi yangu ungekaa mlangoni kudai nini?"

Sikujua akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Moyo ulimjaa shukrani, na jina likagoma kutoka.

Haya, ndugu zangu mnaonisikiliza, mtoto yuko mapajani na watu wanangoja. Mngekuwepo kwenye mkutano ule, mngenyoosha mkono? Na jina la binti huyu, je, nani alistahili: aliyelianzisha daraja akaondolewa, aliyemwondoa, au aliyelileta?