Mstari wa Juu ya Mlango

Wapendwa, alikuwepo Mjerumani mmoja, fundi seremala, aliyefundisha vijana huku milimani kwetu mpaka nywele zikawa nyeupe. Kwao ni mji mdogo kando ya mto Mosel. Aliusimulia hadi wanafunzi wake wakaujua: daraja la mawe, kanisa la minara miwili, njia ya kutembea ukingoni mwa mto, na bata wanaongoja makombo ya mkate.

Alipostaafu akarudi. Dada yake mdogo akampokea stesheni. Mnadhani aliingia nyumbani kunywa hata kahawa? Mizigo aliiacha mlangoni, huyoo, mtoni. Akayapapasa mawe ya daraja. Kengele ya kanisa ilipolia, machozi yakamtoka wala hakuyafuta. Bata hawakuwa wale wa zamani, lakini aliwalisha vilevile. Dada mtu alimfuata nyuma.

Sasa, watu wa mto ule wana desturi. Mafuriko yakiisha, huchonga mstari ukutani pale maji yalipofika, na mwaka pembeni yake. Waliporudi nyumbani, mzee akaukimbilia mstari aliouchonga baba yao. Utotoni alikuwa akijipima urefu hapo. Sasa ulimfika kiunoni, naye akacheka kwa furaha.

"Hakuna kilichobadilika hapa," akasema.

"Tazama juu, kaka."

Juu ya mlango kulikuwa na mstari mwingine, umepindapinda. Mwaka wake ulikuwa mmoja wa miaka ile aliyokuwa huku kwetu.

"Maji yalifika huko? Mbona hamkuniambia?"

"Ulipiga simu Krismasi ile," dada akajibu. "Ukauliza daraja. Ukauliza kengele, ukauliza na bata. Mama alikuwa amekaa kando yangu, kwa jirani aliyetuhifadhi, akingoja umuulize hali yake. Ukasema wasalimie wote, ukakata."

Mzee akauinulia macho tena ule mstari. "Na huu aliuchonga nani?"

"Yeye mwenyewe. Alipanda ngazi na magoti yake yale mabovu. Alisema, mwanangu akirudi ataanza na ukuta, basi acha nimwambie hapo."

Mama alikuwa ameshazikwa zamani. Mzee akanyoosha mkono auguse ule mstari, na mkono haukufika.

Ndugu zangu, je, sisi? Sisi tunaojaza mabasi kila Desemba kwenda kwetu, tukishuka tunaanza na nini? Tunaupiga picha mlima, tunazunguka kwenye migomba ya baba, moyo unajaa. Kupenda nyumbani si dhambi. Lakini yule aliyetupikia chini ya paa lile, tumemuuliza magoti yanamsumbuaje? Au tunangoja atuchongee ukutani?

Leo tukitoka hapa, wengi wetu tutapiga simu nyumbani. Nakuomba, mpendwa, usianze kwa kuuliza kama mvua imenyesha.